Odilia na Mzee Aliyemruka

Viktor, fundi baiskeli wa Viwanja Sitini pale Ifakara, ana karai la maji mbele ya kibanda chake, la kutafutia pancha. Miaka ile Odilia alipoanza kazi ya kukusanya michango, Viktor akimwona tu anakata kona ya mashine ya kukoboa, aliuchukua mpira wa tairi uliokuwa mzima kabisa, akautumbukiza kwenye karai na kuanza kuugeuza kichwa chini, kwa makini ya mtu anayesoma barua ya mahakama. Odilia akisalimia, Viktor alijibu bila kuinua uso. Mpira hautoi povu, Odilia haondoki, na Viktor haachi kuutafuta upepo usiovuja.

Usimcheke Viktor peke yake. Kila mtaa una watu wake wa karai. Yuko anayekumbuka ghafla kwamba ameacha maharage jikoni. Yuko anayeweka simu sikioni na kuzungumza kwa heshima na mtu ambaye hajapiga. Na wako wale wapole kuliko wote, wanaokwambia "njoo kesho" kwa sauti ya upendo kiasi kwamba unawashukuru, ukifika nyumbani ndipo unagundua hukupewa kitu.

Odilia aliwapitia wote. Jumuiya yake ya kanisani ilikuwa imemchagua kuwa mama wa matendo ya huruma, cheo ambacho hakina mshahara wala kiti, kina miguu tu. Akifiwa mtu, akiungua mtu, akijifungua mtu asiye na nguo ya kumfunika mtoto, ni Odilia anayezunguka. Alikuwa mjane mwenye shamba dogo la mpunga na meza ya maandazi, mzaliwa wa Mofu, mwanamke wa kucheka kwa urahisi. Mwaka wa kwanza alizunguka na daftari chini ya kwapa mpaka soli ikakatika, na daftari likabaki jeupe.

Kilichomsumbua ni kwamba watu hao hawakuwa wabaya. Viktor huyo huyo, mvua ilipobomoa jiko la jirani, alitoka na koleo asubuhi bila kuitwa na mtu. Sasa kwa nini akiombwa anageuka fundi wa pancha za hewa?

Jibu alilipata wakati wa mavuno, tena kwa bahati. Nelly, binti wa mtaa wa pili, alikuwa amejifungua mapacha na hana hata kanga ya ziada. Odilia akamfuata Brigitha, jirani yake, hadi shambani, ingawa siku moja kabla, nyumbani kwake, Brigitha alimwambia hali ni ngumu mno. Alimkuta anapiga mpunga, lundo la dhahabu limelala juu ya turubai. Kabla Odilia hajafungua daftari, Brigitha alishaokota kisado, lile kopo la rangi la lita nne linalopimia nafaka, akachota na kummiminia kwenye kanga.

"Shika mwenzangu. Wala usiandike."

Mwanamke wa turubai la pili aliona. Naye akachota. Wa turubai la tatu akauliza kuna nini, akaambiwa, akachota. Kufika saa sita kanga ya Odilia ilikuwa imeelemewa na ilibidi aazime gunia.

Njiani akirudi, gunia kichwani, aliwaza mpaka akaelewa. Mpunga ukiwa bado lundo juu ya turubai ni wa Mungu, wa ndege, wa panya na wa mpita njia. Mwenyewe hajaupangia kazi. Ukishashonwa kwenye gunia una majina. Hili ada, hili mbolea, hili bati la jikoni. Ukienda kuomba hapo unamwomba mtu akupe mtoto wake, na ndiyo maana anakimbilia karai.

Tangu siku hiyo daftari lilikaa kabatini. Mwezi wa tano mpaka wa saba Odilia alifuata maturubai mashambani, kisado mkononi. Alijifunza mengine taratibu, kwa kuanguka na kuinuka. Alijifunza kutobeba debe, kwa sababu mtu ukimwonyesha debe anaona njaa yake, ukimwonyesha kisado anaona ukarimu wake. Alijifunza kutoingia shambani kwa mtu na gunia tupu. Kwanza anatia visado viwili vya kwake, anaacha mdomo wa gunia wazi, maana kitu huita kitu. Alijifunza kutaja mtu mmoja. Mwaka mmoja aliombwa akusanye kwa ajili ya wahitaji wote wa kigango, akarudi na nusu debe na mafua. Kumbe mahitaji ya wote hayana uso. Lakini ukisema Nelly, kila mtu anamjua Nelly, anajua hata kikohozi chake.

Na jambo ambalo wengi hulisahau, alijifunza kurudi. Kazi ikiisha alipita tena kwa kila aliyetoa, akamwambia, "Kisado chako kimekuwa blanketi," au "Kisado chako ni lile bati la tatu kutoka mlangoni, nenda ukalione." Watu walikwenda kuliona kweli. Hata Masanja, Msukuma mwenye shamba kubwa upande wa bonde, aliyetoa visado viwili kila mwaka kwa sharti kwamba asitajwe, alionekana siku moja amesimama nje ya nyumba ya mjane fulani, anatazama paa na kutabasamu peke yake.

Basi wakamwita Odilia wa Visado. Viktor akaliacha karai. Miaka minane ikapita kwa amani.

Mwaka wa tisa ndipo mchango ulipoingia nyumbani kwake.

Martin, mdogo wake wa mwisho, ambaye Odilia alimbeba mgongoni mpaka akaota usugu wa kanga begani, alikuwa mchuuzi wa samaki. Alitoka Mofu alfajiri na baiskeli, kitoga na kambale kwenye tenga nyuma, na kabla ya saa tatu sauti yake ilishafika kila jiko la Viwanja Sitini. Msimu wa kulima akakodiwa kuendesha pawatila, lile trekta dogo la kushika kwa mikono. Akateleza kwenye tope, visu vikamkata mguu, kidonda kikaoza, na kufikia mwezi wa kwanza mguu wa kulia ulikuwa umekatwa chini ya goti. Dada yake akamchukua kwake.

Mchuuzi yule mwenye sauti akawa mtu wa kukaa. Alikaa nyuma ya nyumba anatazama ukuta wa jirani. Fundi wa miguu ya bandia huja Ifakara mara moja kwa mwaka, juma la kwanza la mwezi wa saba, anapima, anatengeneza, anaondoka. Wakauza baiskeli ya Martin. Bado pengo likabaki la magunia manne ya mpunga, na kumkosa fundi mwaka huu ni kukaa mwaka mzima mwingine. Odilia alimwangalia mdogo wake akaona wazi kwamba mwaka mzima mwingine wa ukuta ule, hata ukija mguu wa dhahabu, hautamkuta mtu wa kuuvaa.

"Dada, usiniombee," Martin alisema.

"Nani akuombee basi?"

"Asiombe mtu. Nimeshazoea."

"Miezi mitano hiyo? Hata viatu vipya mtu hazoei kwa miezi mitano."

Alijibu kwa utani tu. Kwa mapacha wa Nelly ulimi wake ulikuwa mwepesi. Kwa ndugu yake mwenyewe alihisi kila mtu atasema, alaa, kumbe siku zote alikuwa anajitengenezea njia. Aibu ikamshika, na aibu ni mwalimu mbaya. Ilimfanya asahau yote aliyoyajua. Aliona haya kusimama kwenye maturubai mbele ya macho ya wengi, akaamua kuwafuata watu majumbani, mmoja mmoja. Kwa kuwa pengo ni kubwa akabeba debe. Na ili wasidhani anazidisha, akapiga picha kile kigutu cha Martin, akawa anaitoa simu kabla hata salamu haijaisha.

"Jamani, naombeni. Tazameni wenyewe."

Watu walitazama, wakasema pole. Walisema pole sana. Wengine walisema pole na machozi juu. Odilia alirudi nyumbani na pole za kujaza ghala na mpunga wa kufunika tako la debe. Brigitha alitoa, maana Brigitha ni Brigitha. Masanja aliitazama picha mara moja, akageuza uso.

"Dada, hiyo kitu funga. Nitakuja kumwona mgonjwa."

Hakuja. Na karai la Viktor, baada ya miaka minane ya mapumziko, likarudi kazini.

Majuma mawili yakaenda hivyo. Kufika katikati ya mwezi wa sita hata gunia moja lilikuwa halijajaa. Odilia alianza kuwakasirikia watu kimoyomoyo, akikumbuka alivyowazikia na kuwaezekea, na hasira ile ilionekana usoni, nao wakaiona, wakazidi kumkwepa.

Asubuhi moja ya Jumanne alikata njia ya mkato kumrudia Masanja. Njia ile hupita pembeni ya kishamba cha mzee Hermenegildi. Huyu ni mtu wa zaidi ya miaka sabini, anaishi peke yake. Ukoma ulimpata akiwa kijana, dawa zikamponya zamani, ila vidole zilivyovikuta vimeshakwenda hazikuvirudisha. Alikuwa anapiga mpunga wake kwa fimbo aliyoifunga kwenye kiganja kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, na fimbo ile ilishuka kwa hesabu, haikosei. Odilia alikuwa ameshampita hatua kumi.

"Odilia!"

"Abee. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unakwenda wapi na asubuhi hii?"

"Kwa Masanja, mzee. Mchango wa Martin."

"Njia ya kwa Masanja inapita wapi?"

"Si hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa kwako, mzee."

"Basi umeniruka."

Odilia akacheka, akidhani ni utani. Mzee hakucheka. Alifungua ule ukanda kwa meno, akaiweka fimbo chini.

"Mwaka wa tisa huu unaniruka. Mapacha wa Nelly, uliniruka. Bati za yule mjane, uliniruka. Nikasema labda hanioni. Lakini kuniona unaniona, maana kila Krismasi unaniletea sukari."

"Mzee wangu, niliona nisikusumbue. Na hali yenyewe..."

"Hali gani?"

Lundo la mpunga lilikuwa pale pale kati yao, la kisado kimoja na visado vingine thelathini.

"Mimi nimeombewa tangu sijaota ndevu," mzee alisema, na sasa sauti ilikuwa imepanda. "Wameniombea mapadre. Wameniombea masista. Wamekuja wageni na kamera wakaniombea kwao huko, sijui kwa nani. Na wewe unaniombea. Sawa, nimekula, nashukuru, Mungu awalipe. Lakini kuombwa! Odilia, sijaombwa hata siku moja. Hata chumvi. Hata kiberiti. Watu wanakwenda kuomba moto nyumba ya tatu, wananipita mimi hapa moshi unatoka."

Kati ya kuombewa na kuombwa kuna herufi moja, na Odilia alikuwa ameivuka herufi hiyo miaka tisa bila kuiona. Uso ulimwaka. Yeye, aliyejigamba kwamba anamjua kila mtu wa karai na dawa yake, hakuwahi kufikiri kwamba yuko mtu anayengoja mlangoni, hana karai, anasubiri tu aombwe.

"Mlipokuwa watoto kule Mofu," mzee akaendelea, "mwenzako akiruka miguu yako umeinyoosha, ulikuwa unafanyaje?"

"Namwambia arudi aniruke upya, nisije nikadumaa."

"Haya. Rudi."

Alimtazama kama anatania. Hatanii. Basi mwanamke wa miaka hamsini na sita, mjane, mama wa matendo ya huruma, akageuka na debe lake, akarudi mpaka pale njia inapoanzia kwenye matete, akageuka tena.

"Na hilo debe la nini?" mzee alimpigia kelele. "Unahama?"

Odilia akaliacha debe kwenye majani. Akaja mikono mitupu.

"Hodi hapa."

"Karibu, mama. Karibu sana."

"Mzee Hermenegildi, nimekuja kukuomba. Mdogo wangu Martin anahitaji mguu, fundi anakuja mwezi wa saba. Naomba kisado kimoja cha mpunga."

Ni baada ya kuyasema ndipo aliposikia alichosema. Hakulia. Hakutoa simu. Kwa majuma mawili alikuwa hajamwomba mtu yeyote; alikuwa anawaonyesha kidonda na kuwaachia woga. Maneno haya mepesi, ya mtu mzima kwa mtu mzima, aliyakosa tangu siku aliyoanza kuona aibu.

Mzee aliinamisha kichwa.

"Nitafikiria," akasema.

Na akafikiria kweli! Alikaa kimya kama diwani aliyeletewa maombi ya barabara. Alitazama bonde, akatazama mpunga, akakohoa. Miaka sabini mtu hajaombwa, leo ameombwa, unataka aharakishe kwa nini? Odilia alisimama akingoja, na jua la asubuhi lilikuwa zuri mgongoni.

"Nimekubali," mzee alisema hatimaye.

Alichota kwa kisado chake mwenyewe, akikishika kati ya viganja viwili. Kikajaa usawa wa mdomo. Hakuridhika, alitaka kilele, kama anavyopima mtu anayetoa kwa moyo. Akakusanya mpunga kwa viganja, akaupandisha juu, ukateremka. Akapandisha tena, ukateremka tena, maana kilele hushikwa na vidole. Mkono wa Odilia ulinyooka kwenda kumsaidia, akauona uko njiani, akaurudisha haraka akaufunga nyuma kwa mkono mwingine. Hiyo, aliwahi kuniambia, ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya kwa ajili ya mtu. Mara ya nne kilele kilikaa.

"Unasoma majina Jumamosi?" mzee akauliza, akihema.

"Nasoma, mzee, kwenye jumuiya."

"Usije ukasema mzee mmoja. Wala msamaria mwema, mimi sitoki Samaria. Sema Hermenegildi Ligazio, kisado kimoja, kilele."

"Nitasema hivyo hivyo. Asante sana, mzee."

"Asante wewe kwa kunikumbuka," alisema, akaanza kuifunga tena fimbo yake kwa meno.

Odilia alifika kwenye matete ndipo akalia. Hayakuwa machozi ya yale majuma mawili. Alilia kwa shukrani tupu, kwa kugombezwa na mtu aliyekuwa na haki ya kumgombeza, na mpunga ule alioushika kifuani ndani ya kanga ulikuwa na joto la jua.

Jumamosi alisoma, uani kwa Brigitha. Alipofika kwenye jina hilo alilisoma taratibu, jina na ukoo, kisado kimoja, kilele. Watu walitazamana, kisha wakatazama chini, na kila mmoja alikuwa anapima kitu chake moyoni. Viktor aliyekuwa ameegemea mlango alijikuna shingo. Jioni yake alikuja kwa Odilia na visado vitatu ndani ya mfuko wa saruji.

"Mama, nisamehe," alisema. "Ile picha ilinifanya niione miguu yangu mimi. Nikaogopa hata kusogea. Lakini wewe ungeniomba tu."

"Ni kweli, mwanangu. Sikukuomba. Nisamehe mimi."

Odilia akarudi kwenye maturubai na kisado, mdomo wa gunia wazi, mchana kweupe. Lakini kabla ya hapo alifanya hesabu nyingine kichwani: nyumba alizowahi kuziruka kwa huruma. Zilikuwa nyingi kuliko alivyodhani. Bibi asiyeona wa karibu na kisima. Mlinzi wa ghala mwenye watoto wanane. Na wote aliowahi kuwasaidia, kila mmoja, kwa sababu tangu siku waliyosaidiwa aliwaandika moyoni kama watu wa kupewa. Alikwenda kwao wote. Nelly alipoombwa aliruka kwa furaha kana kwamba yeye ndiye aliyeletewa.

"Miaka yote hiyo ninangoja, mama," Nelly alisema. "Nikajiuliza, au nimemkosea nini?"

Masanja alileta debe zima kwa pikipiki na kusisitiza asitajwe. Kabla mwezi wa sita haujaisha magunia manne yalijaa yakashonwa, na la tano likaanza.

Mguu ukapimwa, ukatengenezwa, ukaja. Na hapa ndipo ningependa kukwambia kwamba Martin aliuvaa akatembea, watu wakapiga vigelegele. Hakutembea. Siku ya kwanza alianguka mlangoni. Siku ya pili akaanguka uani, mbele ya watu waliokuja kuona. Siku ya tatu aliuvua, akausukuma mvunguni, akarudi kwenye ukuta wake.

Odilia alikaa kando yake siku ile, hasira na huruma zimemchanganya.

"Unauma?"

"Unauma, lakini siyo hilo." Martin alikuwa anatazama mikono yake. "Kila nikiuvaa nawaona watu wote wa visado wamesimama juu ya goti langu. Viktor. Nelly. Yule bibi asiyeona, dada! Nitawalipa nini? Nikianguka naanguka na mpunga wao."

Odilia alimwelewa vizuri kuliko alivyotaka. Mkono wa kutoa hupumzika ukishatoa. Wa kupokea unabaki umeshika. Hakuwa na ushauri. Akamsimulia tu habari ambayo hakuwahi kumsimulia kwa aibu, ya asubuhi ile kwa mzee Hermenegildi, mzee alivyorukwa, alivyomrudisha yeye Odilia kwenye matete, alivyofikiria kama diwani. Martin alicheka, mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza.

Baada ya siku mbili, asubuhi, akasema, "Nipeleke kwa mzee."

Odilia alifurahi, akaenda kumkamata jogoo wa shukrani. Martin akamzuia.

"Mwache huyo. Sihitaji jogoo."

Walikwenda kwa bajaji mpaka inapofika, wakamalizia kwa miguu, Martin na magongo yake, Odilia amebeba mguu umefungwa kwenye kanga. Mavuno yalikuwa yamekwisha. Mzee alikuwa anapalilia matuta ya mchicha karibu na nyumba yake, amevaa kandambili nene za tairi, zilizokatwa kufuata umbo la miguu ambayo haikuwa na umbo tena. Walisalimiana. Martin alikataa kigoda.

"Mzee, sikuja kushukuru," alisema.

Odilia alitaka ardhi ipasuke.

"Nimekuja kuomba."

Mzee Hermenegildi aliacha jembe. "Omba."

"Wewe umetembea miaka zaidi ya arobaini kwa miguu isiyosikia chini. Mimi nimepewa mguu usiosikia chini, na sijui niufanye nini. Hakuna mtu mwingine Ifakara hii ninayeweza kumwomba hilo. Naomba unifundishe kutembea."

Safari hii mzee hakusema atafikiria. Midomo yake ilicheza, macho yakajaa, akayafuta kwa kiwiko. Kisha alijishusha chini kwenye udongo mbele ya Martin, akaunyooshea mguu ule viganja vyake, na Odilia akampa. Mzee alimvalisha mwenyewe, akakaza mikanda kwa meno.

"Usitazame chini," alisema. "Chini hakuna kitu chako. Goti ndilo litakalokwambia. Unasikiliza goti, halafu unaamini. Nipe bega. Twende."

Wakaenda. Hatua moja, ikayumba. Ya pili. Ya tatu Martin akaona njia imekwisha, mbele yake kuna tuta lililochipua kijani kibichi, naye hajui bado kugeuka. Odilia alisimama pembeni, mikono mitupu, akisema asante, asante, hajui hata anamwambia Mungu au anamwambia nani.

"Mzee, nitakanyaga mchicha wako!" Martin alipiga kelele.

"Kanyaga, mwanangu," alisema mzee Hermenegildi. "Mchicha ni wangu. Kanyaga."